Jibu: Nesi wa wodi ya afya ya akili anaweza kuwa mhadhiri?

Mdogo wangu, umeuliza kama mwenye diploma ya uuguzi, miaka sita wodi ya wagonjwa wa akili, anaweza kuishia kuwa mhadhiri na mtafiti. Inawezekana, ila safari ni ndefu. Anza na digrii, na GPA (wastani wa alama zako) uilinde kama mboni ya jicho: vyuo vikuu vyetu Tanzania mara nyingi vinataka 3.8 kwenda juu ndipo wakuchukue kama mkufunzi msaidizi. Halafu shahada ya umahiri ya uuguzi wa afya ya akili, ipo MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kisha PhD.

Ila utajiri wako ni hiyo miaka sita. Nilipokuwa nakusanya data, kijana mmoja msaidizi wangu alimuuliza mama wa makamo maswali tisa ya PHQ-9, dodoso la kupima sonona. Mama akajibu, "Mwanangu, nina mawazo." Kijana akaandika: anafikiri vizuri. Loh! Nesi wa wodini hawezi kukosea hapo. Anajua mtu akisema ana mawazo, anakuambia mzigo umemlemea. Swali la utafiti ndilo hilo, wagonjwa wanaelezaje sonona kwa maneno yao, usilitafute mbali.

Anza sasa: daftari dogo mfukoni, andika maneno wagonjwa wanayotumia, bila majina yao. Ukifika kwenye utafiti wenyewe, kibali cha maadili kwanza, NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au kamati ya chuo. Kinachelewa, usikiombe mwezi wa mwisho kama nilivyofanya mimi.

Ada sijaigusa. Una mwajiri wa kukupa ruhusa ya masomo?