Je, Kamera Yaweza Kupita kwenye Tundu la Mpira wa Kulishia?

SWALI: Daktari, baba yangu alitibiwa saratani ya koo kwa mionzi. Saratani ilidhibitiwa, lakini umio umezibwa na kovu, hata mate hayapiti, naye hulishwa kwa mpira aliowekewa tumboni miezi sita iliyopita. Kamera ilishindwa kupita kinywani. Sasa tumeambiwa itapitishwa kwenye tundu la mpira huo. Je, tundu halitachanika?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana kwa kuuguza. Katika wiki za mwanzo hofu yako ingekuwa na msingi, kwa kuwa wakati huo mfuko wa chakula haujashikamana sawasawa na ukuta wa tumbo, na ukisukumwa waweza kuachana nao, uchafu ukavujia ndani. Baada ya miezi sita, kwa kawaida njia hiyo huwa imekomaa. Mpira huchomolewa, kamera nyembamba yenye unene wa milimita 5 au 6 hivi ikapita, daktari akakagua mfuko wa chakula na mwanzo wa utumbo mdogo, kisha akaigeuza kuelekea juu hadi aione sehemu ya chini ya umio.

Kwa ukaguzi pekee, dawa kidogo ya kutuliza mara nyingi hutosha, maana koo haliguswi. Kuzibua ni kazi nzito zaidi, na mgonjwa hulazwa usingizi kamili: kamera moja hutoka juu, nyingine chini, mwanga wa moja ukionekana kupitia kovu upande wa pili, ndipo waya mwembamba hupenyezwa na njia kupanuliwa polepole. Hatari kubwa ni umio kutoboka. Kwa hiyo muulizeni daktari, kabla ya kutia saini, iwapo yupo mpasuaji wa kifua karibu.

Akiambiwa afunge, asilishwe hata kwa mpira. Familia nyingi husahau kwamba uji wa mpirani nao ni chakula. Mtajeni pia dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda anayotumia. Baada ya kazi, mpira hurudishwa papo hapo, kwani tundu lililoachwa wazi huanza kujifunga ndani ya saa chache. Msidai uondolewe baba atakapoanza kumeza, kwa sababu kovu la mionzi hubana tena, na upanuzi hurudiwa mara kadhaa.