Sayansi na Teknolojia bila maabara na watoto 94 darasani: yaliyonikuta mimi

Mkuu, nimesoma ulichouliza, kwamba ni ajira mpya, umepangwa Songea vijijini, umekabidhiwa Sayansi na Teknolojia darasa la tano, watoto zaidi ya 90, maabara hakuna, umeme hakuna, na unataka kujua hayo "mafunzo kwa vitendo" tunayoandika kwenye andalio la somo yanafanyikaje kweli kweli au ni maandishi ya kumridhisha mdhibiti ubora (mkaguzi wa shule) tu. Waliokutangulia kujibu wamekwambia chora ubaoni maisha yasonge. Mimi niko huku Mwanza, wilaya nayo ya vumbi tu kama hiyo yako, somo hili nimelifundisha miaka kadhaa na makosa nimefanya mengi, kwahiyo ngoja nikupe ya kwangu na yatakuwa marefu kidogo, nivumilie.

Kosa langu la kwanza, mwaka wa kwanza kabisa, nilikuwa naonyesha mimi. Yaani nimesimama mbele nimeshika betri na kaglopu, nagusanisha waya, taa inawaka, darasa zima "weweee!", natoka kifua mbele najiona mwalimu wa maana. Wiki iliyofuata nikawagawia vipande vya waya niwaone, mkuu, hakuna hata mmoja aliyeweza kuwasha. Walikuwa wanagusisha waya zote mbili kwenye kitako kimoja cha betri na kunitazama usoni kama vile siri ninayo mimi. Wa nyuma kule wakanikiri kabisa kwamba siku ile hawakuona kitu, waliona mgongo wa mwenzao, ila walishangilia sababu wa mbele walishangilia.

Tangu hapo nikajiwekea sheria, kifaa kisipotosha watoto sita sita basi hilo jaribio sifanyi. Bora mwaka mzima nifanye manane kila mtoto ameshika kuliko ishirini ya kutazama mgongo.

Sasa vifaa. Usisubiri boksi la serikali. Shule niliyoanzia lilikuwepo, tena zuri, limefungwa kufuli kwenye kabati la ofisi sababu vitu vimo kwenye leja na kikivunjika kioo utaandika maelezo. Simlaumu sana mkuu wa shule ile, ila boksi lilizeeka likiwa jipya. Mimi nilienda kwa fundi redio pale senta, nikamwambia naomba tochi za kichina zilizokufa zote na chaja mbovu. Akacheka, akanipa mfuko mzima bure. Tochi moja unatoa vitaa vya LED vitano sita, na chaja moja inakupa waya laini wa mita nzima. Betri niliwaambia waje nazo za redio za nyumbani ambazo baba kaishazitupa, na za kushikia waya tulikata mpira wa tyubu ya baiskeli, unavalisha betri kama mkanda, waya unakaa kimya kabisa hautoki.

Hizo LED zina ukorofi wake na ndio utamu wenyewe. Betri moja ya volti 1.5 haiwashi ile nyeupe, inataka karibu volti 3, kwahiyo lazima uunge mbili kichwa kwa kitako. Halafu ukigeuza miguu haiwaki, mguu mrefu unakaa upande wa chanya. Mimi sikuwaambia. Niliwaacha kama dakika 15, kelele za soko la mnada, mtaaluma, yule mwalimu anayesimamia taaluma shuleni, akapita dirishani akanikata jicho. Kundi moja likaja kulalamika taa yao imekufa, wabadilishiwe. Nikawaambia iacheni hapo mezani, kaangalieni za wenzenu zinazowaka zimekaaje. Kuna dogo mmoja mkimya sana, wa kuandika jina lake tu nilikuwa namkazania, alirudi akageuza ile "maiti" ikawaka, akapiga kelele "haijafa, imelala kinyume!" Basi hadi leo pale shuleni LED iliyogeuzwa inaitwa imelala kinyume, hata darasa la saba wanaitumia hiyo lugha.

Tahadhari moja hapohapo. Kuna mtoto alileta betri ya simu, akagusanisha nguzo zake kwa waya mtupu, waya ukapata moto akaungua ncha ya kidole. Padogo, lakini mama yake alikuja na khanga kaifunga kiunoni unajua maana yake. Kwahiyo betri za simu hapana, na umeme wa ukutani hata usiutaje isipokuwa kuwakataza.

Ndimu nayo itakuaibisha usipojipanga, mimi iliniaibisha. Nilisoma mahali kwamba ndimu nne na misumari na shaba zinawasha taa. Nikanunua misumari ya mbao ya kawaida, shaba nikamenya kwenye waya wa umeme, tukachomeka, tukaunga, giza totoro. Vipindi viwili vimeishia hapo na ndimu zimenyauka. Kumbe msumari unaotakiwa ni ule wa kupigia mabati, uliopakwa zinki. Zinki na shaba ndani ya ndimu moja zinakupa karibu volti 0.9, ila ule wa mbao ni chuma kitupu na inakuwa karibu nusu ya hapo. Tulipobadilisha misumari na kutumia kitaa chekundu, ambacho kinaridhika na volti chache kuliko cheupe, kiliwaka, ila kwa unyonge, tukafunika na sweta ndio wakakiona. Binti mmoja akauliza, mwalimu mbona ukila ndimu hupigwi shoti? Swali hilo mkuu lilinifanya nikubali mbele ya darasa kwamba nami nilikuwa nawapotosha, nilikuwa nasema "ndimu ina umeme" wakati kinachotumika na kuisha pale ni ile zinki na ndimu ni maji yake tu ya kufanyia kazi. Tulichomoa msumari baada ya siku mbili wakauona ulivyochakaa.

Maharage kwenye pamba kila mtu anajua, usimwagie maji mengi yataoza, basi. Asidi na besi wala usihangaike kutafuta litimasi, ile karatasi ya kupimia asidi, chemsha rozela, ile choya ya juisi, ukitia ndimu inabaki nyekundu na ukitia maji ya majivu inageuka kijani cha ajabu. Nusu saa imeisha na hela hujatoa.

Ninachotaka uking'ang'anie ni kijiti cha kivuli, hiki hakina gharama hata shilingi na ndicho kilichonipa heshima pale kijijini. Mimi nilivyofundishwa utotoni saa sita kamili mchana jua liko utosini na kivuli kinakuwa kifupi kuliko muda wowote. Nikawaambia hivyohivyo bila wasiwasi. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tisa, tukasimika kijiti cha mita moja uwanjani, tukakinyoosha kwa kamba yenye jiwe, wakagawana zamu kupima kila dakika 10. Saa sita kamili nikasema haya leteni, wakaniambia sentimita 17. Nikasema mmekosea pimeni tena. 17. Sita na kumi ikawa 12, sita na ishirini 8, sita na nusu 3 na kitu, na sita na dakika 40 hakukuwa na kivuli cha maana, kijiti kimesimama kama mzimu. Saa saba kasoro kumi kivuli kimetokea upande wa pili, wa mashariki, sentimita 5. Nina daftari lao mpaka leo lina michirizi ya jasho.

Mmoja akaniuliza, mwalimu, saa ndio imekosea au jua? Sikuwa na jibu. Nikawaambia nipeni mpaka kesho, na usiku nikakaa na simu na ramani. Jibu ni kwamba saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, ambao hata Tanzania haugusi, unapita Somalia huko karibu na Mogadishu. Sisi Mwanza tuko kama digrii 33, dunia inatumia dakika 4 kwa kila digrii, kwahiyo jua linatufikia kama dakika 48 baada ya wao. Halafu mwisho wa mwezi wa tisa jua lenyewe linawahi kama dakika 10 kuliko saa, zinabaki 38. Hesabu hiyo tuliifanya na watoto ubaoni wakaipata, na usoni walikuwa na furaha ya watu waliomkamata mwalimu wao kwenye kosa. Si ndio walinikamata kweli.

Mtaaluma alinisema sana kipindi hicho, kwamba mtihani wa taifa hauulizi vijiti na wenzako wako sura ya saba. Siwezi kukudanganya kwamba ufaulu ulipaa, ulipanda kidogo na sijui ni vijiti au ni walimu wenzangu wa masomo mengine. Ninachojua ni kwamba utoro siku za Sayansi ulipungua, maana waliokuwa wanabaki kuchunga ng'ombe walikuwa wanapita kwanza kuuliza "leo tunashika nini".

Kuhusu kelele na makundi, chagua kiongozi wa kundi asiye hodari kuliko wote, hodari akishika kifaa wengine wanakuwa watazamaji. Na vifaa virudishwe kwa kuhesabiwa na wao wenyewe, mimi nilipoteza LED nyingi mpaka nilipoacha kuzihesabu mimi.

Wewe hapo Songea siku za jua kupita utosini kabisa si tarehe moja na zetu. Linapita kwenye tarehe 21 mwezi wa kumi hivi, na kivuli kitaisha saa sita na dakika kama 22. Likirudi tena ni mwezi wa pili, tarehe hizohizo za 20 na 21, ila siku hiyo litachelewa mpaka saa saba kasoro dakika kama 9. Tafuta kijiti kilichonyooka, saa yako iweke sawa na ya redio, na tafadhali hizo dakika usiwatajie watoto. Ukishapima njoo utuambie walikuuliza nini.