Kabla ya kuandika mabingwa, andika sakafu

Vijana wanaoniomba ushauri kuhusu kuandika historia ya ligi yao ya hoki ya magurudumu, yaani hoki ya kuvaa viatu vya skeiti, karibu wote huja na orodha ya mabingwa. Mwaka huu walichukua hawa, mwaka ule wakanyang'anywa na wale, mfungaji bora alikuwa fulani. Orodha ni kitu kizuri, iweke nyuma ya kitabu. Lakini msomaji asiye wa mji wenu hataimaliza, na wa mji wenu atatafuta jina la baba yake, alione, afunge. Mimi huwauliza swali jingine: mlikuwa mnachezea wapi, na ufunguo alikuwa nao nani?

Nauliza hivyo kwa sababu mchezo huu haupigwi popote. Chandimu inachezwa uchochoroni, kwenye vumbi, hata kwenye mteremko. Magurudumu yanataka sakafu ngumu iliyonyooka: mbao, saruji iliyosuguliwa, au lami isiyo na mashimo. Kiwanja cha kawaida ni kama mita 40 kwa 20, kimezungushiwa ubao ili mpira usitoke. Mji mdogo huwa na sakafu moja ya aina hiyo, au hauna kabisa. Mwenye sakafu ndiye mwenye ligi, hata kama hajawahi kushika gongo.

Tazama Herne Bay, mji mdogo wa pwani huko Kent, Uingereza. Mwaka 1926 mashindano ya kwanza ya Ulaya ya hoki ya magurudumu yalifanyika hapo, si London. England ikachukua ubingwa ule kila ulipochezwa hadi 1939, na katikati ikabeba pia ubingwa wa kwanza wa dunia, Stuttgart mwaka 1936. Mtu akisoma hayo tu atadhani Herne Bay palikuwa na maji ya ajabu. Kumbe palikuwa na watalii. Kati ya 1908 na 1910 Waingereza waliingiwa na wazimu wa skeiti, kumbi zikafunguliwa kila upande, na miji ya pwani iliyoishi kwa wageni wa kiangazi ilikuwa na kila sababu ya kuwa na burudani ya kulipia. Herne Bay palikuwa na gati refu la kutembelea, zaidi ya kilomita moja kuingia baharini, na mwaka 1910 ukafunguliwa ukumbi mkubwa kwenye mwanzo wake, upande wa nchi kavu. Mchezo ulimea kwenye burudani za watu waliokuja kuota jua.

Sasa endelea na ukumbi wenyewe. Mwaka 1970 uliungua moto. Mpya ukafunguliwa 1976. Miaka miwili baadaye dhoruba ikavunja sehemu ya kati ya gati, kichwa chake kikabaki peke yake baharini hadi leo. Mwaka 2012 ukumbi wa pili nao ukabomolewa. Chora mstari wa miaka hiyo kwanza, kisha uweke orodha ya mabingwa pembeni. Maswali yatajitokeza yenyewe: waliokuwa watoto mwaka 1970 walifanyia wapi mazoezi hadi 1976? Nani aliacha, nani alihamia mji mwingine? Hapo ndipo una sura ya kuandika.

Kwa hiyo, ukianza kazi, usiende kwanza kwa nahodha wa zamani. Nenda halmashauri. Omba kumbukumbu za vikao vinavyohusu jengo: mikataba ya kukodisha, bima, malalamiko ya majirani kuhusu kelele, barua za kuomba sakafu ikarabatiwe. Barua za malalamiko ni dhahabu, kwa sababu jirani mwenye hasira hutaja siku, saa na idadi ya watu. Gazeti la mji nalo lipitie, ila ujue kwamba kwenye ligi za ridhaa taarifa ya mechi mara nyingi huandikwa na katibu wa klabu mwenyewe. Timu yake ikishinda, aya nne. Ikifungwa, mstari mmoja na hali ya hewa.

Picha ambazo hazina tarehe, soma viatu. Magurudumu manne yaliyopangwa mawili mbele na mawili nyuma, pamoja na gongo fupi lililopinda na mpira mdogo mgumu, ni hoki ile ya Herne Bay, ambayo hadi leo ndiyo ya Ureno, Hispania, Italia na Argentina. Magurudumu yaliyo kwenye mstari mmoja, na gongo refu kama la hoki ya barafu, ni tawi jingine, lililoshika kasi Amerika Kaskazini baada ya kampuni ya Rollerblade kuanzishwa Minneapolis mwaka 1980. Huko ligi nyingi za mitaani zilizaliwa miaka ya 1990, wakati ligi ya kulipwa ya Roller Hockey International ilipokuwa hai, 1993 hadi 1999, na nyingi zilichezea viwanja vya barafu wakati wa kiangazi, barafu ikishayeyushwa na saruji kubaki wazi. Mzee akikupa picha ya namna hiyo akasema ni ya 1974, mshukuru, halafu endelea kutafuta.

Wazee hao uwahoji ukiwa na picha mkononi. Swali la "ulijisikiaje" halizai kitu, kila mtu alifurahi. Uliza nani alipaka mistari, mlangoni mlilipa kiasi gani, magurudumu yalipoisha mlinunua wapi, jezi alifua nani. Mara nyingi utagundua kuwa mtu aliyeibeba ligi miaka yote hayumo kwenye picha hata moja: mama aliyeuza chai, au mlinzi aliyekubali kuzima taa nusu saa baadaye. Waamuzi nao usiwasahau. Wanakumbuka ugomvi ambao wachezaji wameshausamehe.

Mji mdogo usikutie unyonge. Sant Hipòlit de Voltregà huko Catalonia ni mji wa watu elfu chache tu, na klabu yake ndiyo iliyotwaa kombe la kwanza la klabu bingwa za Ulaya mwaka 1966. Mchezo huu ulipochezwa kama mchezo wa maonyesho kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, mechi nyingine zilipelekwa Reus na Vic. Na jirani zetu wa Msumbiji, walioupokea kutoka kwa Wareno, walishika nafasi ya nne ya dunia huko San Juan, Argentina, mwaka 2011. Anayetaka kuandika habari zao ajiandae kusoma Kireno.

Kwa walioko Nairobi, kazi yenu ni rahisi na ngumu kwa pamoja. Wanaoskeiti Aga Khan Walk wapo, na Ice Lions, timu ya hoki ya barafu, imekulia kwenye kiwanja kimoja, kile cha hoteli ya Panari kwenye Barabara ya Mombasa. Sakafu moja tena, mwenye nayo mmoja. Lakini kumbukumbu zenu za vikao ziko kwenye makundi ya WhatsApp, na simu huibiwa. Hifadhi mazungumzo ya kundi kila mwisho wa msimu, yatoe nje ya simu, weka nakala sehemu mbili. Picha za watoto ziombewe ruhusa kwa wazazi sasa, maana baada ya miaka kumi hutajua pa kuwapata. Na daftari la mweka hazina lipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla hajahama mtaa, pamoja na zile risiti za kukodi uwanja anazozibana nyuma ya jalada.