Mikwaruzo kwenye filamu ya eksirei: anzia kwenye trei

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza kwa nini filamu zako za eksirei za inchi 8 kwa 10, unazopigia picha kwa kamera, zinajaa mikwaruzo ukizisafisha nyumbani ili picha itokee, ilhali filamu za kawaida hazikusumbui. Filamu nyingi za eksirei zimepakwa dawa inayonasa picha pande zote mbili, na dawa hiyo ikishalowa inalainika kama utando wa maziwa. Wewe unalinda upande wa juu, huku wa chini unasuguliwa na matuta ya trei.

Laza kioo tambarare ndani ya trei, kisha safisha filamu moja moja. Koleo la kushikia filamu weka kando kabisa. Vaa glavu laini, na badala ya kuisukuma filamu, inua kona ya trei polepole ili dawa ya kusafishia ipite juu yake. Mimi hutumia dawa ya kusafishia iitwayo Rodinal, sehemu 1 kwa maji sehemu 100, nyuzi joto 20 za Selsiasi, dakika 6 hivi. Maji yako yakiwa ya joto, barafu iwe kwenye beseni la nje, si ndani ya dawa.

Taa ya chumba cha giza iwe nyekundu iliyokolea. Ijaribu kwanza: chini ya taa hiyo, weka sarafu juu ya kipande cha filamu kwa dakika 5, kisha kisafishe gizani. Ukiona duara la sarafu, taa iko karibu mno au inavujisha mwanga.

Kwenye fiksa, yaani dawa inayofanya picha isiharibiwe tena na mwanga, subiri weupe wa filamu uishe, halafu ongeza muda uleule. Suuza vizuri, tundika kwa kona moja.