Maswali na majibu: Timu nane, bila nakala ya mkataba hata moja

Dirisha la usajili likikaribia, simu za viongozi wa klabu huwa hazipatikani, na yangu mimi, katibu wa zamani wa klabu, ndiyo inayoita usiku kucha. Nimechagua maswali machache. Mlioniuliza nani anasajiliwa wapi, wapo watu wanaolipwa kwa kubashiri, mimi simo.

Kuna beki tulimwona hapa Dodoma, akaenda Singida, mara Mbeya, mara Mtwara, na sasa karudi. Timu nane kwa miaka 11. Mtu wa hivyo si ana matatizo ya nidhamu? (Shabiki, Chang'ombe)

Mara nyingi hana. Piga hesabu. Ligi Kuu ina timu 16. Kila timu ikisajili watu 30 ni nafasi 480 nchi nzima, na humo wamo wageni. Chini yao kuna vijana wa Championship, daraja linalofuata, wanaomwombea mtu mmoja tu aumie goti. Timu za katikati na za mkiani hupenda mikataba ya mwaka mmoja, ukijitahidi miwili. Kocha akitimuliwa Novemba, anayekuja anakuja na orodha yake mfukoni. Beki wako huenda hajamtukana mtu. Amekuta kocha anayetaka beki wa kupanda, na yeye ni beki wa kukaa.

Tena kuna msimu timu zenyewe ndizo zinazohama. Sisi wa kanda ya kati tusijifanye hatujui: Singida Big Stars iligeuka Singida Fountain Gate, kisha Ihefu ya Mbeya ikaletwa Singida na kuitwa Singida Black Stars, na Fountain Gate ikaenda zake Babati. Katika mzunguko ule mchezaji angeweza kubadilisha mji, jezi na mwenyekiti bila yeye kuomba kuhama.

Sebastián Abreu wa Uruguay, yule aliyewaliza Ghana robo fainali ya Kombe la Dunia 2010 kwa penalti ya kuubetua mpira taratibu, alipita klabu zaidi ya 25 hadi kitabu cha rekodi cha Guinness kikamwandika. Wetu Thomas Ulimwengu alitoka TP Mazembe ya Kongo akacheza Sweden, Bosnia, Sudan na Algeria, akarudi Mazembe. Hiyo ni kazi, na ina watu wake.

Ukikutana na beki huyo muulize kitu kingine: ana nakala ngapi za mikataba yake? Nilipokuwa katibu wa klabu nilimwona mchezaji akisaini juu ya boneti ya gari nje ya hoteli, ukurasa wa mwisho peke yake, kurasa nyingine ataletewa kesho. Kesho hiyo haikufika. Mkataba ulilala kwenye droo ya mwenyekiti, na siku walipogombana, kijana hakujua hata kama alisaini mwaka mmoja au miwili. Alikuwa anakumbuka fedha za usajili tu, kwa sababu alihesabu noti.

Mwanangu ana miaka 16. Kuna wakala anataka milioni mbili za viza na nauli, anasema kuna klabu Uturuki imeshamkubali. (Mama, Kibaigwa)

Mama, usitoe hata shilingi. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa nje ya nchi yake, isipokuwa kwa sababu chache sana, na hakuna hata moja kati ya hizo inayoanza kwa mzazi kutuma fedha kwa simu. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, jina lake linatafutika kwenye tovuti yao, na kwa mtoto anahitaji idhini ya ziada pamoja na ridhaa yako ya maandishi. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Mnaosoma, mwambieni na jirani.

Sijalipwa mishahara mitatu. Wenzangu wawili wameshaondoka kambini. Na mimi niondoke? (Kiungo, ameomba timu isitajwe)

Usiondoke, kaka. Najua kodi ya nyumba inadaiwa, lakini siku utakayokosa mazoezi bila ruhusa ndiyo siku utakayowapa viongozi silaha. Kuna daftari la mahudhurio. Miaka ile nililishika mimi. Mchezaji akija na madai, kitu cha kwanza kutolewa kabatini ni daftari hilo. Deni la miezi mitatu linageuka kesi ya utoro wa siku nne, na wewe mwenye kudai unaanza kujitetea.

Andika barua. Ya karatasi au ya baruapepe, siyo ujumbe wa sauti wa WhatsApp wenye kilio ndani. Taja miezi, taja kiasi, wape siku 15 walipe, na katibu asaini kwenye nakala yako kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, itume kwa njia itakayobaki na tarehe. Siku hizo 15 sikuzitunga. Tangu 2018, kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji kinasema klabu isipolipa bila uhalali angalau mishahara miwili ya mwezi katika tarehe zake, mchezaji ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, mradi ameidai kwa maandishi na kuipa muda huo. Ila wewe ni Mtanzania katika klabu ya Tanzania. Shauri lako linaanzia TFF, kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, siyo FIFA kule Zurich. Kwa hiyo soma kwanza kanuni za TFF na mkataba wako, ndipo uanze kunukuu FIFA. Chama cha wachezaji, SPUTANZA, nacho kipo. Ulizaneni kambini wangapi ni wanachama kabla ya kulalamika kwamba hakina nguvu.

Hili hukuniuliza, lakini litakuja. Mtaitwa mmoja mmoja ofisini, kila mtu apewe mshahara wa mwezi mmoja taslimu na karatasi ya kusaini. Juu imeandikwa makubaliano ya kuachana kwa amani. Chini, kwa herufi zilezile ndogo, kuna sentensi kwamba hakuna upande unaomdai mwenzake. Ukisaini hapo, miezi miwili iliyobaki umewasamehe. Wanajua una njaa, ndiyo maana fedha huwekwa mezani kabla ya karatasi.

Nimetolewa kwa mkopo. Nani ananilipa? (Winga, Manyoni)

Yule aliyeandikwa kwenye makubaliano ya mkopo. Kwa kawaida ni timu inayokuchukua, lakini nimeona walipogawana na kila mmoja akamsukumia mwenzake. Omba nakala kabla hujapanda basi. Mkopo usizidi mwaka mmoja kwa mara moja.

Naweza kucheza ndondo wakati wa mapumziko? (Mshambuliaji, Majengo)

Goti ni lako, ila mkataba unasema la klabu. Na hapa Dodoma kiangazi uwanja wa mtaani ni mgumu kama sakafu.

Mbona hujibu ujumbe wangu? (Kipa)

Kwa sababu umenitumia picha ya ukurasa wa saini peke yake. Tuma zote.

Mchezaji tuliyemlea mtaani akiuzwa nje, sisi tunapata kitu? (Kocha wa vijana, Mpwapwa)

Mnapata, kama mlimsajili. Akihama kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha na fedha zikalipwa, asilimia 5 ya fedha hizo inakatwa kwa ajili ya klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kila msimu mmoja wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya bei, na kila mmoja wa miaka 16 hadi 23 una 0.5. Mtoto uliyekaa naye kuanzia msimu wa miaka 14 hadi wa 17, akiuzwa dola 100,000, fungu lenu ni dola 1,500. Kwa timu ya Mpwapwa hiyo ni mipira, viatu na nauli za mwaka. Anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, kuna pia fidia ya mafunzo, hesabu nyingine kabisa.

Sasa shida. Makocha wengi wananiletea picha: mtoto amesimama mstari wa mbele, jezi imemzidi, nyuma kuna goli la miti. Picha hailipwi. Kinachotazamwa ni usajili: timu iwe inatambuliwa na chama, na mtoto awe na kumbukumbu ya msimu kwa msimu. Mali bila daftari huisha bila habari, nanyi watu wa mchangani mnaliishi neno hilo. Anza msimu huu. Jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na umri wa kweli, tafadhali. Ukimpunguzia miaka miwili ili acheze mashindano ya vijana, umeivuruga hesabu yako mwenyewe.

Dodoma Jiji watabaki msimu huu?

Nenda uwanja wa Jamhuri ukawatazame.

Nina miaka 33, nimezunguka timu nyingi kwa miaka 11, na nyonga imeanza kusumbua. Nimebakiwa na akiba kidogo. Ninunue bajaji au kiwanja? (Mlinzi wa kati, Nkuhungu)

Kwanza nenda NSSF. Wewe ulikuwa mwajiriwa, na mwajiriwa anachangiwa: asilimia 20 ya mshahara, na klabu haina ruhusa ya kukukata zaidi ya nusu yake. Omba taarifa yako ya michango, mwezi kwa mwezi. Utaona klabu ipi ilipeleka na ipi ilikukata ikakaa nazo. Hapo ndipo nakala za mikataba na hati za mshahara zinapohitajika, kama unazo. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180. Hata kama ungechangiwa miaka 11 bila kuruka, ni 132. Usikimbilie kuzitoa, NSSF inapokea pia waliojiajiri, kaulize namba yako itaendeleaje.

Kiwanja ni kizuri, lakini tangu serikali ihamie hapa kila dalali wa Dodoma anauza shamba la mwenzake. Kisichopimwa usiguse, na kilichopimwa kakiulizie kwanza ofisi ya ardhi ya Jiji, wewe mwenyewe, dalali akiwa hayupo. Bajaji sina neno nayo, ila nyonga yako itakaa kwenye kiti kile saa kumi na mbili kwa siku. Mimi ningetenga sehemu kwa kozi ya ukocha ya leseni D. Umepita chini ya makocha wengi kuliko mchezaji aliyekaa klabu moja, na wengine umewaona wakifukuzwa ukajua kwa nini.

Baa usifungue.