Shika Pedi ya Pili

Nilikuwa mzazi wa "zima hilo dude!" Mwanangu akiwasha gemu, mimi nafoka kutoka chumba cha pili, yeye anazima huku amenuna, kesho yake tunarudia. Kisha siku moja akaniletea pedi ya pili ya kuchezea gemu, ile ya kushika mkononi yenye vitufe, iliyokuwa imelala tu mezani. Kuna mahali palikuwa pamemshinda peke yake.

Gemu ilikuwa Lego Marvel Super Heroes, ya mwaka 2013. Mnacheza wawili kwenye skrini moja. Mkiachana mbali inagawanyika, mkikaribiana inaungana. Kilichonivutia ni kwamba humo hakuna shujaa anayejitosheleza. Hulk ananyanyua mizigo mizito, lakini akikutana na kizuizi cha rangi ya fedha, misuli haimfai kitu. Hapo yanatakiwa makombora ya Iron Man. Basi mnalazimika kuongea. Na huyu mtoto, ambaye ukimuuliza habari za shule hujibu "nzuri" akanyamaza, humo ndani alikuwa ananieleza mpango mzima, hatua kwa hatua, mpaka nikabaki kumsikiliza tu.

Halafu kuna suala la kushindwa. Ukipigwa unasambaratika vipande vipande, unapoteza vijisarafu kadhaa, unasimama tena palepale. Anayesambaratika zaidi ni mimi. Yeye, ambaye swali moja la hesabu likimshinda hulia, nimemwona akijaribu mruko mmoja zaidi ya mara kumi bila hata kuguna. Siku hizi swali likimkwamisha namwambia, "Badilisha shujaa," naye anaelewa kwamba namaanisha atafute njia nyingine. Si kila siku inafanya kazi.

Nisiwauzie mbuzi kwenye gunia, lakini. Mwaka 2003 Shawn Green na Daphne Bavelier walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kuwa gemu za mapambano hunoa uwezo wa macho kuchagua cha kuzingatia kati ya vitu vingi. Waliopimwa walikuwa vijana wakubwa, si watoto wadogo, na kunoa macho si kupandisha alama za darasani. Kwangu mimi faida kubwa imekuwa yale mazungumzo, na hayo hayapatikani ukimwachia gemu imlee.

Angalia pia namba ya umri kwenye kasha. Wazazi wengi wanaona picha ya shujaa wanadhani ni katuni. Kwa vipimo vya PEGI vya Ulaya, hiyo ya Lego ni miaka 7, Marvel's Spider-Man ya 2018 ni 16, na Batman: Arkham Knight ni 18. Ni mashujaa walewale wa kwenye mabegi ya shule, ila michezo yao haifanani hata kidogo.

Kuhusu muda, nimeacha kutumia saa peke yake. Kumzimia mtoto katikati ya hatua ya gemu ni kama kumpokonya sahani akiwa na tonge mkononi, lazima mgombane. Tunakubaliana kabla ya kuwasha: hatua mbili, kisha tunazima. Jana hatua ya pili ilipokwisha mimi ndiye niliyeomba moja ya ziada. Akanitazama, akachukua pedi mkononi mwangu, akazima.