Tumfahamuje Mkurugenzi Mpya?

SWALI: Mhariri, shirika letu la hisani linalogawa chakula kwa familia zenye uhitaji limepata mkurugenzi mpya, nasi tunaojitolea tumemwona siku ya utambulisho tu. Tutamfahamuje?

JIBU: Hotuba ya utambulisho, ambayo huenda iliandikwa na mtu mwingine, haiwaambii mengi. Mwalikeni ghalani siku ya ugawaji, apange makasha pamoja nanyi, kisha mwangalie kama atauliza kwa nini vyakula vinavyokaribia kuisha muda wa matumizi vimewekwa nyuma ya vile vilivyoingia jana, na kama atazungumza na watu walio kwenye foleni au atawapita tu. Mwulizeni pia, bila kumtega, atakata nini kwanza wafadhili wakipunguza michango. Naye apewe nafasi ya kuwauliza ninyi.